Kisahani cha Tambi: Kutoka Shela ya Malindi hadi Karakana za Mombasa

Kilipotea mwezi wa Rajabu, siku tuliyohamisha vyombo. Mashine yenyewe ilifika salama, imeviringishwa kanga mbili ndani ya beseni, lakini kisahani chake hatukukiona tena. Tulipekua magunia, tukapepeta hata taka za nyumba tuliyoihama, tukawauliza watoto mmoja mmoja kwa upole na kisha kwa ukali. Mwisho tukakubali kwamba kimekwenda.

Kwa asiyeijua mashine ya tambi ya kizamani, ni silinda ya shaba yenye urefu wa kama shibiri moja, na ndani yake mna pistoni inayosukumwa na parafujo ndefu yenye mkono juu. Donge la unga hutiwa ndani, mkono ukazungushwa, na unga ukashuka kupitia matundu ya kisahani ukiwa nyuzi. Chini ya silinda pana kifuniko cha kuzungusha chenye ukingo mwembamba kwa ndani. Kisahani hukaa juu ya ukingo huo, hakina msumari wala skrubu. Bila kisahani, mashine nzima ni bomba tu.

Na mashine hii si yetu. Ni ya bibi mmoja wa mtaa wetu wa Shela, hapa Malindi, aliyeipokea katika vyombo vya harusi yake. Macho yalipomwia mazito aliwakabidhi wanawake sita wa jirani, ndio sisi, tuitumie na tumpe fungu lake. Kila mwaka kuanzia Shaabani tunasonga tambi, tunazianika juu ya nyungo, tunazipima na kuziuza kwa ajili ya futari na Idi. Wawili kati yetu ni wajane, na ada ya shule ya muhula wa pili hutoka humo. Mwaka huu tulikuwa tumekwisha kupokea arbuni za watu, na nyingine zilikwisha kuliwa. Bibi hatukumwambia kwa wiki mbili. Tunaandika haya kwa haya, lakini ndivyo ilivyokuwa: kila alipouliza kazi imeanza lini, tulimwambia unga haujafika.

Katika mfuko wa kikundi mlikuwa na shilingi 8,000. Mashine mpya za madukani tulizitazama. Zile za bei ya mfuko wetu ni nyepesi, za alumini, na hesi ya parafujo yake huliwa na unga mgumu kabla ya msimu kwisha. Visahani vyake navyo haviingii katika mashine yetu. Kimoja kilikuwa kikubwa, kingine kilidondoka moja kwa moja. Basi tukaona njia ni moja: kuchongesha kisahani kipya.

Tukaanza vibaya. Fundi wa kwanza, hapa hapa mjini, ni mchomeleaji wa madirisha na mageti, na kazi yake hiyo anaijua sana. Tulimpelekea kifuniko, tukamweleza kwa maneno: kisahani chembamba, matundu madogo madogo, kama hivi. Akaweka rula juu ya kifuniko, akasoma milimita 61, akakata bati la chuma la milimita moja kwa mkasi wa bati. Halikuingia. Akalipiga tupa mpaka likaingia, na kufikia hapo likawa na umbo la yai. Tulipolijaribu nyumbani, unga ulipenya kandokando, bati likabonyea katikati kama kijiko, na nyuzi zilizotoka zilikuwa zimechanikachanika kwa sababu upande wa chini wa matundu ulikuwa na miba ya chuma isiyoonekana kwa macho, ila kidole huihisi. Asubuhi yake lile bati lilikuwa na kutu. Shilingi 1,800 zikaenda. Hatumlaumu. Sisi ndio tuliomtuma kwa maneno, naye akatujibu kwa kadiri ya maneno yetu.

Mmoja wetu ana ami yake anayekaa Tudor, Mombasa, mzee aliyestaafu kazi ya mitambo bandarini. Tulimpigia simu. Akatusikiliza mpaka mwisho kisha akasema: “Wanangu, msiniambie. Nileteeni mashine yenyewe, na unga.”

Siku ya Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, tukatoka wawili kwa niaba ya sita, tukifuatana na kaka wa mmoja wetu aliyejilipia nauli yake. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili ilikuwa shilingi 2,000, kwa hiyo kabla gari halijaondoka tulikuwa tumebakiwa na 4,200. Mashine tuliipakata mapajani kwa zamu. Utingo alitaka kuiweka juu ya paa pamoja na mbuzi. Tukamwambia hii haipandi juu.

Njia hiyo tumeipita mara nyingi bila kuitazama. Gede na magofu yake yaliyojificha mitini, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kulia, ukungu wa asubuhi ukiwa bado umeshika matawi. Kilifi na daraja lake la mwaka 1991. Wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka foleni ya feri iliyokuwapo kabla ya hapo, na korosho zilizouzwa madirishani. Vipingo na mistari ya mkonge isiyokwisha. Kisha Mtwapa, na msongamano.

Tukiwa Mtwapa, kaka yule, ambaye ni mwalimu, alitukumbusha jambo ambalo lilitufanya tuitazame barabara kwa jicho jingine. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 katika utawala wa Mfalme Roger II wa Sicily, aliitaja Malindi na akaitaja Mombasa, na katika miji yote miwili alitaja chuma: kwamba watu wake wana machimbo, wanakifanyia kazi na kukifanyia biashara. “Nanyi leo,” akasema, “mnatoka mji wa chuma kwenda mji wa chuma kutafuta kipande kisichozidi kiganja.” Tulicheka, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa kirefu. Gari lilikuwa halijasogea kwa nusu saa na unga ulikuwa unaanza kuumuka ndani ya kopo.

Tudor ni mtaa wa utulivu ukiulinganisha na Mwembe Tayari au Majengo. Unaingia ukiacha kelele za tuktuk nyuma, upepo wa mkono wa bahari unakupokea, na upande mmoja unaona majengo ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wengi wa vijana wetu hawajui kilivyoanza. Katika miaka ya 1948 na 1949 zilichangwa fedha za kujenga taasisi ya kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wachangiaji wakubwa walikuwa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Ikaitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, maarufu kwa herufi zake za Kiingereza, MIOME, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wote, jina likabadilika mwaka 1966, likabadilika tena mwaka 1972 ikawa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu. Ami alisoma hapo enzi za Polytechnic. Nyumba yake iko umbali wa kusikia kengele, lau wangekuwa bado wanapiga kengele.

Baada ya chai na mahamri alifuta meza, akatandaza gazeti, akaleta kalipa yake ndani ya kisanduku cha mbao. Kwa wasioijua, kalipa ni kipimo chenye taya mbili; taya za ndani hupima tundu, za nje hupima unene. Akaingiza taya za ndani katika kifuniko, akapima mara tatu akikizungusha kidogo kila mara, akasoma: milimita 60.3. Akatabasamu. “Inchi mbili na tatu ya nane. Mashine hii ilizaliwa katika inchi. Ndiyo maana vya dukani haviingii, vile vimezaliwa katika milimita.”

Tukadhani basi kazi imekwisha, tumwambie fundi 60.3. Akakataa. Kisahani kikiwa sawasawa na shimo lake kitaingia mara moja na hakitatoka, na unga ukikauka pembeni utakigandisha kabisa. Kinahitaji uhuru. Akaandika 60.1. Sehemu mbili za kumi za milimita, yaani unene wa karatasi mbili za daftari. Fundi wetu wa kwanza alikosea kwa zaidi ya hapo kabla hajashika mkasi.

Kisha akatufundisha jambo ambalo tungalilijua mapema lingetuokolea zile 1,800. Alisema kwamba mwenye fedha chache hanunui chuma kwanza. Anafanya makosa yake yote katika kadibodi, kisha katika plastiki, na chuma anakifikia makosa yakiwa yamekwisha. Akaleta katoni ya sabuni na mkasi. Tukakata duara, tukaliingiza, likalegea, tukakata jingine. La tatu likakaa. Kutoka kwa lile tukachora juu ya mfuniko wa ndoo ya plastiki wenye unene wa milimita mbili, tukaukata kwa kisu cha moto.

Hapo ndipo ilipoingia kazi ya binti. Mjukuu wa ami yuko kidato cha pili, ana mkebe wa jometri wa shule. Tatizo lilikuwa namna ya kuyapanga matundu yasiwe yametupwatupwa. Binti akachukua bikari, akachora duara dogo, na bila kubadilisha upana wa bikari akatembea nalo juu ya duara lile: hatua sita barabara, akarudi alipoanzia. Tundu moja katikati, sita kulizunguka, kisha 12, kisha 18, kila pete ikiongeza sita. Ni ule ule msingi wa maua ya petali sita tunayoyaona yamechongwa katika milango ya kale ya mwambao wetu. Mchonga milango na mtengeneza kisahani wanashika bikari ileile. Kwa nafasi ya milimita nne kati ya pete na pete, alipata matundu 91.

Tukatoboa ule mfuniko wa ndoo kwa sindano ya moto, matundu 91, jikoni kwa mke wa ami, nyumba nzima ikinuka plastiki. Tukauweka katika mashine, tukatia unga tuliosafiri nao, tukazungusha. Plastiki ilibonyea, kama tulivyojua itabonyea, lakini ilitueleza kitu tusichokijua: nyuzi zilikuwa karibu mno, zikashikana zikitoka, zikawa kama kamba iliyosokotwa. Binti akachora upya kwa nafasi ya milimita tano. Sasa matundu ni 61. Ami alifurahi kuliko sisi. Matundu 30 yaliyopungua ni matundu 30 ambayo hatutayalipia kutobolewa, na hasara yetu yote mpaka hapo ilikuwa mfuniko wa ndoo.

Usiku ule tulizungumza sana juu ya madini ya kutumia. Sisi tulitaka shaba, kwa sababu cha kwanza kilikuwa cha shaba na kwa sababu bibi angekitambua kwa rangi yake. Ami akatuuliza shaba tutaipata wapi. Kwa wauza vyuma chakavu, tukasema. Akaeleza kwamba shaba ya njano inayokerezwa kwa urahisi, kama ile ya mabomba na vifaa vya mashine, mara nyingi huchanganywa na risasi kidogo, yapata sehemu tatu katika mia, ili chuma cha kukatia kipite vizuri. Kwa bomba la mtambo si neno. Kwa chakula cha watoto, na hasa kipande cha jalalani ambacho hakina maelezo yoyote, yeye hawezi kutushauri.

Tukauliza habari ya kusubu, maana tumewaona mafundi wanaoyeyusha alumini na kusubu sufuria. Hapo mzee akatuchukua mbali kidogo. Alitukumbusha Siwa ya shaba iliyomo katika Makumbusho ya Lamu, pembe kubwa ya kupulizwa katika sherehe, iliyosubiwa kwa njia ya nta: fundi huchonga umbo kwa nta, hulifunika udongo, huuchoma, nta huyeyuka na kutoka, na shaba hutiwa mahali pake. Nta hutumika mara moja tu, kwa hiyo njia hiyo inafaa sana kwa kitu kimoja kisicho na mwenzake. Lakini matundu ya milimita moja na nusu hayatoki katika kalibu. Mtalazimika kuyatoboa baadaye, na mtakuwa mmelipa mara mbili. Mwalimu wetu naye alikuwa amepiga simu Nairobi kwa wenye mashine za kukata chuma kwa mwali wa leza. Wakamjibu kwamba tundu jembamba kuliko unene wa chuma halikatiki vizuri, na kwamba wana kiwango cha chini cha malipo ambacho kilizidi mfuko wetu wote.

Basi ikabaki stenlesi, chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita tatu. Ni kigumu kutoboa, lakini hakibonyei wala hakiachi kitu katika unga.

Jumatano asubuhi tukashuka Shimanzi. Huko ndiko kwenye matangi ya mafuta, magodauni na malori yanayoelekea bandarini, na mwanamke aliyevaa buibui akishuka katika tuktuk na beseni mkononi hutazamwa mara mbili. Ami alitupeleka kwanza mahali wanapotengeneza meza na masinki ya jikoni za hoteli. Nyuma ya karakana kama hizo daima pana pipa la mabaki. Tulikuwa na sumaku ndogo tuliyoibandua kwenye friji ya mke wa ami, na tukaipitisha juu ya vipande: vingine viliidaka, vingine havikuijali. Ami akachagua visivyoijali, akatuonya kwamba sumaku peke yake si ushahidi kamili, akamuuliza na msimamizi vipande vile vimetokana na kazi gani. Vikapimwa kwa kilo. Shilingi 600 kwa vipande vitatu, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kiganja.

“Kwa nini vitatu, ami? Tunataka kimoja.”

“Mtaona.”

Karakana ya mkerezaji ilikuwa godauni la pili kutoka hapo, lenye giza la mafuta na harufu ya chuma kilichopata moto. Mashine ya kukereza, wenyewe huiita leithi, ilikuwa ndefu kama kitanda, ya zamani, imeng’arishwa na mikono. Fundi alikuwa kijana wa makamo. Alimsalimia ami, akamsalimia mwalimu, akaanza kumweleza mwalimu bei. Mwalimu akasema yeye ni msindikizaji. Fundi akamgeukia ami. Ami akatazama dari. Ndipo ikabidi atugeukie sisi. Tukamkunjulia karatasi: duara, kipimo 60.1, unene 3, matundu 61 katika pete nne na moja kati, kila tundu 1.5. Akaitazama kwa muda mrefu.

“Nani amechora hii?”

“Binti wa kidato cha pili.”

“Watu huniletea hapa vipande vilivyovunjika na kuniambia, fundi, tengeneza kama hiki,” akasema, na kuanzia hapo alizungumza na sisi.

Mazungumzo ya bei tuyaeleze, kwa sababu ndiyo yaliyotufunza zaidi. Alisema shilingi 2,500 kwa kukereza kisahani kimoja. Tukashangaa, kazi yenyewe si dakika 15? Akakubali kwamba ni dakika 15. Lakini kabla ya hapo ana saa nzima ya kuondoa kazi iliyoko, kufunga taya, kusawazisha na kupima. Saa hiyo ni ileile akikereza kimoja au 20. Ndiyo maana kitu kimoja huwa ghali. Ami akauliza kama kuna kazi yoyote siku hiyo ambayo ingemfanya afunge mashine kwa namna tunayoihitaji sisi. Ipo, akasema fundi, mchana, vizibo vya pampu. Je, akitufanyia baada ya hivyo, bila kufungua? Fundi akacheka kama mtu aliyekamatwa. Akashuka hadi 1,200, kwa sharti tusubiri.

Tukasubiri. Adhuhuri ikatukuta, tukaenda kusali, tukarudi, tukala mihogo ya kukaanga kwenye kibaraza. Tulitumia muda huo kufanya kazi ambayo fundi angetutoza: tulibandika mchoro wa binti juu ya kipande kimoja kwa gundi, na kwa nyundo na panchi tuliyoazimwa tukatia alama kila tundu, alama 61, ili biti ya dirili isiteleze. Wanaume wa karakana walipita wakitazama. Mmoja alisema mkono wetu hautetemeki. Anayekata maandazi 200 kila alfajiri mkono wake utatetemekea nini?

Saa tisa fundi akatuita, na hapo tukaelewa kwa nini vipande vilikuwa vitatu. Kisahani hakina tundu kubwa katikati la kukishikia katika leithi. Basi alivikata vipande vyote vitatu kwa grainda, kila kimoja kikawa na pembe nane, akavipanga kama chapati, akavibana kati ya vipande viwili vya chuma, kimoja kwenye kichwa cha mashine na kingine kwenye mkia, vikashikwa kwa kubanwa tu. Vikazunguka pamoja. Cheche kidogo, kisha uzi mwembamba wa chuma ukaanza kujisokota na kudondoka. Kila baada ya muda alisimamisha mashine na kupima. Mara ya tano akatupa ishara, ami akachukua kalipa: 60.1. Visahani vitatu, kwa malipo ya kazi moja.

Kutoboa kulikuwa kugumu zaidi. Stenlesi ikichezewa kwa kasi hujifanya ngumu mahali pale pale, na biti huungua bila kuingia. Tulinunua biti tatu za kobalti, shilingi 250 kila moja, na fundi akazipunguzia mashine mwendo na kudondoshea mafuta kila tundu. Alikuwa na ushauri wake mwenyewe, nasi tulikubali: kwa upande wa juu, unga unakoingilia, alipanua kila tundu kwa biti nene hadi karibu theluthi mbili ya unene, likawa kama faneli, ili tundu lenyewe jembamba libaki fupi. Bila hivyo, akasema, mkono wa mashine mngezungusha watu wawili. Hilo hatukuwa tumelifikiria, wala ami.

Biti ya kwanza ilivunjika tundu la 23. Ya pili ilivunjika tundu la 58, na ncha yake ikabaki ndani. Fundi alisema tuiache, haitatoka kamwe, tundu moja si hasara. Tukakataa. Ncha ya chuma haitaachwa ndani ya kitu kinachopitisha chakula cha watu, hata kama kisahani kizima kitatupwa. Palikuwa na ukimya. Kisha akakigeuza, akaigonga ncha kutoka upande wa pili kwa msumari alioukata, mara nyingi, taratibu, mpaka ikaruka. Tundu lilikuwa limechimbika pembeni. Ikabidi alisawazishe kwa biti ya milimita mbili, likawa kubwa kuliko wenzake.

Kutoboa 1,000. Tuktuk za siku mbili 400. Tukajumlisha juu ya gazeti: 600, 1,200, 750, 1,000, 400, jumla 3,950. Zilisalia shilingi 250.

Miba tuliitoa wenyewe, ndani ya gari la kurudi, kwa kipande cha msasa kilichoviringwa kwenye penseli, tundu kwa tundu, upande wa chini. Tulikuwa tumefika Vipingo tulipomaliza pete ya mwisho. Visahani viwili visivyotobolewa tumeviviringa katika kitambaa chenye mafuta, pamoja na mchoro wa binti na kipimo kilichoandikwa kwa mkono wa ami. Vimo katika kisanduku kimoja na mashine. Siku tukitaka tambi nene, tunajua pa kuanzia.

Alhamisi asubuhi tulikichemsha kisahani, tukakisugua, tukaenda kwa bibi. Ndipo tulipomwambia, yote, tangu siku ya kuhama. Alinyamaza. Akanyoosha mkono, akakishika kile cha stenlesi, akakipapasa kwa kidole gumba pande zote mbili, upande wa faneli na upande laini.

“Hiki kizito,” akasema. “Kile changu kilikuwa kimekwisha kulika. Tieni unga.”

Tukatia. Mmoja wetu akazungusha, na mkono ulikwenda bila kusukumana. Nyuzi zikashuka juu ya ungo zikiwa zimeachana, laini, zote kwa pamoja. Bibi aliinama, akazipitisha vidoleni mwake kama mtu anayechambua nywele za mtoto, akasimama kwenye mmoja.

“Na huu mnene?”

Tukamweleza habari ya biti iliyovunjika. Akaukata ule uzi peke yake, akauning’iniza kwenye ukingo wa ungo.

“Huu mtaniwekea mimi,” akasema. “Zungusheni, jua linapanda.”